Niliigawa presha ya bimkubwa kwa mbili

Milioni moja, laki mbili na elfu kumi na nane. Pamoja na vidole vitatu vya mkono wa kulia wa mama yangu mzazi.

Hizo pesa nimezihesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilipata elfu kumi na saba mwishoni, nilikuwa nimesahau soda ya dereva. Vidole sikuwa na haja ya kurudia.

Wakuu, habari za mchana. Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Napita kwenye nyuzi za biashara, naangalia bei za watu, nacheka, naondoka. Leo nimekuja na la kwangu. Sitatia chumvi hata chembe, na nyumbani kwetu chumvi yenyewe imeshapigwa marufuku, mtaona kwa nini.

Majina ya watu nimebadilisha. Mchinga ni Mchinga.

Swali langu liko chini kabisa. Linahusu mama yangu kuendelea na dawa au kutoendelea, na aliyesababisha swali hilo liwepo ni mimi. Kwa hiyo naomba msome mpaka mwisho kabla ya kuanza kunipiga mawe.

Mimi nafanya biashara ya nazi. Nanunua Mchinga na vijiji vya jirani, napeleka Kilwa Masoko ambako nimepanga, nauza kwa wenye maduka na mama ntilie.

Kwa asiyeijua hii kazi: nazi zinahesabiwa mara mbili. Muuzaji anahesabu akitoa, mnunuzi anahesabu akipokea. Zikifika elfu moja hamuwezi kulingana hata mkiwa malaika wawili. Wewe umepata elfu moja na ishirini, mimi nimepata elfu moja kamili. Kurudia kuzihesabu hakuna anayetaka, jua linachoma na gari linanguruma. Tunaandika elfu moja na kumi, tunapeana mikono, tunaagana.

Tunakutana katikati. Nimekula kwa kanuni hiyo miaka ishirini na miwili na sokoni haijawahi kuniangusha.

Aliyenifundisha ni mama.

Bimkubwa, tumwite Bi Somoe, ni msusi wa mikeka. Kama umekulia pwani ya Lindi unaijua ile saa ya baada ya adhuhuri. Vyombo vimeshaoshwa, watu wameshaswali, kuku wamelala kwenye kivuli cha ukuta. Wanawake wanne watano wamekaa chini barazani, miguu wameinyoosha mbele, kila mmoja na ukili wake.

Ukili ni ule utepe mrefu unaosukwa kwa miyaa, yale majani ya mkindu yaliyochanwa vipande vyembamba. Ukipata utepe wa kutosha unaushona, ndiyo unakuwa mkeka.

Vidole vyao vilikuwa vinajiendea. Macho yako kwa jirani anayepita, mdomo uko kwenye habari za jirani huyo huyo, na mkono unasuka rangi tatu bila kukosea. Mpaka leo nikisikia ile sauti ya miyaa inavyosuguana naona usingizi, kwa sababu ndiyo niliyolelewa nayo. Nimepanga chumba kizuri Masoko, kina feni na vigae. Usingizi wa barazani kwetu sijawahi kuupata humo.

Ukili unauzwa kwa pima. Pima moja ni mikono miwili ukiinyoosha. Sasa bimkubwa ni mfupi, na mikono yake mifupi vilevile. Mnunuzi wake alikuwa mzee mmoja wa Lindi mjini, mrefu kama nguzo ya umeme. Mama akiupima ukili anapata pima ishirini. Yule mzee akiupima anapata kumi na sita.

"Bi Somoe, hiyo mikono yako inaniibia."

"Hii nimepewa na Mungu. Ya kwako nani alikutuma uirefushe?"

Wanacheka, wanaandika kumi na nane, anakunywa chai, anaondoka. Mwezi ujao anarudi na ugomvi ule ule. Nilikuwa nimemaliza la saba, sina cha kufanya, nakaa pale nasikiliza kama redio. Mama aliniambia biashara yote ndiyo ile: kila mtu anataja yake, halafu mnatafuta katikati, mnabaki mnasalimiana.

(Samahani, kulikuwa na mteja anataka nazi nne kwa bei ya tatu. Ameondoka na tatu. Naendelea.)

Karibu miaka miwili iliyopita nesi wa zahanati alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kuwapima wazee presha. Tumwite nesi Tekla. Ni Mmakonde, Mkristo, kwao ni huko juu Newala. Yeye na mama walianza utani siku aliyoripoti kazini na hawakuwahi kupumzika.

Siku hiyo nilikuwepo, nilikwenda kuchukua mzigo.

"Shikamoo Bi Somoe."

"Marahaba. Umefuata maji? Maana huko kwenu juu mnakinga ya mvua."

"Maji yenu ya chumvi nani anayataka, mama. Lete mkono."

Akamfunga ule mpira, akapima. Akasubiri kidogo, akapima tena. Hiyo ya kurudia ndiyo ilifanya nimheshimu. Nikajisemea huyu ni mwenzangu.

182 juu, 70 chini.

"Una presha, Bi Somoe."

"Presha ni ya wenye magari. Mimi nina mikeka."

"Basi hiyo mikeka imekupa presha."

Akampa vidonge, kimoja kila asubuhi. Akasisitiza ni kila siku, siyo siku ya kuumwa kichwa tu. Chumvi ipungue. Papa mkavu na ng'onda, wale samaki wa kukaushwa kwa chumvi, wapumzike. Mama akamwachia papa bila ubishi, ila kwenye ng'onda akaomba wazungumze. Wakazungumza. Ikawa mara moja kwa wiki, alowekwe usiku kucha na maji yake yamwagwe. Nilisikiliza yale mapatano nikaona fahari. Mwanamke yuko 182 na bado anapunguza bei.

Nikaenda Lindi mjini kununua mashine ya kupimia. Jamaa alianza na elfu themanini na tano. Nikamwacha, nikaenda kula wali, nikarudi. Sitini na mbili, na betri juu yake.

Mashine nikamkabidhi dada yangu Zuhura, ambaye ndiye anakaa na mama. Nikampa na daftari nililolipiga mistari mwenyewe: tarehe, juu, chini. Kazi yake kupima kila asubuhi mara mbili na kuandika. Jumapili ananitumia picha ya ukurasa kwenye simu. Nesi Tekla alipoliona lile daftari alisema kwenye kijiji kizima hakuna lingine.

Miezi mitano ya mwanzo mambo yalikwenda. Ile ya juu ikashuka, ikawa inacheza kwenye 150, mara 148. Ya chini 64, 65. Nesi akasema bado kidogo, tutafika. Halafu akaenda kozi ya mwaka mzima. Aliyeshika nafasi yake alikuwa peke yake na kazi nyingi, kupita majumbani kukasimama.

Shida ikaanzia miguuni. Vile vidonge vilimvimbisha vifundo. Ikifika alasiri miguu imejaa, na msusi kazi yake ni kukaa chini. Akisuka nusu saa anaomba anyanyuliwe.

Siku moja nafika barazani nakuta wenzake wako chini kama kawaida, yeye yuko juu ya kiti cha plastiki. Ukili uko mapajani. Hasuki.

"Vipi mama?"

"Nimekuwa mgeni rasmi," akasema. "Nimewekewa kiti."

Wenzake wakacheka. Yeye alicheka kidogo akaacha. Wakuu, ile kauli nilisafiri nayo mpaka Masoko.

Mtoto mwenye akili timamu angefanya nini? Angekwenda zahanati, hatua mia tatu kutoka nyumbani, aseme vidonge vinavimbisha miguu. Nimekuja kuambiwa baadaye kwamba ni jambo la kawaida kabisa, dawa ziko za aina nyingi, angebadilishiwa.

Mimi, safari iliyofuata ya mzigo, nikafungua daftari.

148 juu, 64 chini. Nikajiuliza, sasa ya kweli ni ipi? Mashine imetaja mbili. Mmoja anavuta juu, mwingine anavuta chini. Hii hali naijua, nikasema. Hapa ni muuzaji na mnunuzi.

Nikaingia mtandaoni nikakuta presha ya mtu mzima mwenye afya ni 120. Kulikuwa na namba nyingine pembeni yake, sikuisoma, nilishapata niliyokuwa naitafuta.

148 na 64 ni 212. Nusu yake 106.

Nikashtuka. 106 ni chini ya 120. Nikaona dawa inamzidi mama yangu, ndiyo maana miguu inavimba. Nikarudi ukurasa wa kwanza, siku ile ya nesi: 182 na 70 ni 252, nusu yake 126. Yaani hata kabla ya kidonge cha kwanza alikuwa amezidi kwa sita tu. Sisi kwenye nazi elfu moja hatugombani kwa sita.

Nikachora mstari wa tatu kwenye lile daftari, juu yake nikaandika KATI. Nikajaza kuanzia siku ya kwanza. Nikarudia hesabu zote mara mbili. Zilikuwa sahihi, mpaka leo hakuna anayenibishia kwenye hesabu.

Zuhura alikuwa shambani, nikampigia simu nikamwambia dawa isimame.

"Kaka, nesi kasema?"

Hapa ndipo naomba msome taratibu. Nilimjibu, "Ndiyo, nimeongea naye kwa simu huko alipo. Kasema mama apumzike kwanza."

Sikuongea naye. Hata namba yake sikuwa nayo. Nilisema vile kwa sababu Zuhura bila jina la nesi asingekubali, na nilikuwa na gari la nazi linanisubiri.

Sasa niwaambie kitu ambacho kinaniuma kuliko vingine. Miezi minane iliyofuata ilikuwa mizuri.

Miguu ilinywea. Mama akarudi chini. Kile kiti cha plastiki akakitoa wakawa wanaanikia kanga. Kila nikienda kuchukua mzigo naisikia baraza kabla sijaiona, yale maongezi yao, yule mmoja anayecheka mpaka anakohoa. Akanisukia mkeka wa rangi tatu, zambarau, kijani na nyeupe ya ukindu wenyewe. Akaniambia, "Huu ni wa kwako. Nikisikia umeuuza nakulaani." Kwa kuwa ananijua.

Alasiri moja nilijinyoosha pale pembeni yao, nikalala. Mtu mzima, nina mvi, nina mzigo wa watu kwenye gari. Nililala saa mbili nzima katikati ya ile sauti ya miyaa, na nilipoamka nilikuwa nimefunikwa kanga.

Daftari lilikuwa linaendelea. 170 na 66. 175 na 69. 178 na 68. Kwenye mstari wangu ilikuwa 118, 122, 123. Nilijiona mtoto bora kuliko wote Mchinga.

Zuhura alipiga simu saa mbili asubuhi, Jumatano.

"Kaka, mama anashindwa kushika kisu."

Alikuwa anachana miyaa. Kisu kikamtoka mkononi. Akakiokota, kikamtoka. Mara ya tatu akacheka, na Zuhura akaona kicheko kimekuja upande mmoja tu.

Mimi niko Masoko. Nikampigia jamaa mmoja wa Mchinga mwenye gari ampeleke Lindi hospitali. Akanitajia laki na ishirini. Nikamwambia nenda.

"Hupunguzi?" akauliza.

"Nenda."

"Basi ni mgonjwa kweli," akasema, nikasikia anawasha gari.

Nilifika Lindi saa saba mchana. Mama yuko kitandani, mdomo umevutika kushoto, mkono wa kulia umelala juu ya shuka. Ule mkono sikuwahi kuuona umetulia katika maisha yangu yote.

Daktari alikuwa kijana mpole, sauti ya chini. Zuhura alikuja na daftari, akampa. Akafungua ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu.

"Nani anaandika hili?"

"Dada anapima, mimi napiga mahesabu."

"Mmefanya kazi nzuri. Wengi wanakuja hawana chochote." Nilijisikia vizuri kama sekunde nne hivi. "Hii KATI ni nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri, kama ninavyomweleza mteja, kuanzia nazi mpaka ile nusu. Alinisikiliza mpaka mwisho na hakunicheka. Kuna wakati natamani angenicheka.

Akavuta kiti akakaa. Akasema, kaka, sikiliza. Mshipa wa damu wa kijana unanyumbuka. Moyo ukisukuma damu, mshipa unatanuka, unaupokea ule msukumo na kuuhifadhi. Moyo ukipumzika, mshipa unajirudi wenyewe polepole na kuendelea kuisogeza damu. Kwa hiyo namba ya juu haipandi sana, na ya chini haianguki sana. Zinakaa karibu karibu.

Mama yako ana umri, na ana presha ya miaka ambayo hakuijua. Mishipa yake mikubwa imekakamaa. Moyo ukisukuma, mshipa hautanuki, namba ya juu inaruka. Moyo ukipumzika, hakuna kilichohifadhiwa, ya chini inaanguka.

"Kwa hiyo 178 kwa 68 siyo bei mbili za kitu kimoja," akasema. "Huo umbali ulioko katikati ndiyo ugonjwa wenyewe. Wewe uliufuta kwa kalamu."

Nikamuuliza mshipa unakakamaaje, ni kama kutu? Nilitaka aendelee kuongea ili nisiulizwe kitu.

Akasema ndani kabisa ya mshipa kuna utando mwembamba wa seli, zimepangana moja kwa moja. Kazi yake ni kuihisi damu inavyopita na kuipa taarifa misuli ya ukuta wa mshipa kwamba hapa legea. Sasa zikipigwa na msukumo mkubwa mwaka baada ya mwaka, na umri ukiongezeka, zile seli zenyewe zinakuwa ngumu. Zinaacha kutoa taarifa. Na seli za misuli zilizo nyuma yake nazo zinakakamaa, halafu ukuta unajazwa nyuzi ngumu mahali palipokuwa na nyuzi za kuvutika. Mshipa ukiwa mgumu presha inapanda. Presha ikipanda mshipa unazidi kuwa mgumu. Na ule msukumo ambao mshipa mkubwa umeshindwa kuupokea unakwenda kuipiga mishipa midogo, ya figo, ya macho, ya kichwani.

Haumi, akasema. Ndiyo ubaya wake. Unaweza kusuka mikeka miezi minane na unacheka.

Tulidhani mama amelala. Akasema, ulimi mzito, "Mwaa."

"Nini mama?"

"Mwaa ukikauka... unakatika. Unaunyunyizia maji. Unalainika." Akapumzika. "Huo mshipa mnaunyunyizia nini?"

Daktari akatabasamu. "Bibi, huu ukishakauka haurudi kuwa mbichi. Dawa inaushushia mzigo, unalegea kidogo, hauzidi kuharibika. Ila ni kila siku. Ukiacha, unarudi kule kule."

Mama akafumba macho.

"Ningejua," akasema, "nisingemsikiliza yule mtoto wa huko juu. Kuniachisha dawa kwa simu. Hata kunipima hakunipima."

Zuhura akatikisa kichwa kwa masikitiko. Naye aliamini hivyo, kwani nani alimwambia vingine?

Nilikuwa nimeshika mfuko wa machungwa. Nikauhamisha mkono mwingine.

Alilazwa siku kumi na moja, na zile pesa nilizozitaja mwanzo ndiko zilikoishia. Mguu ulirudi, mdomo ukarudi, Alhamdulillah. Mkono ulirudi nusu. Gumba, cha shahada na cha kati vinashika kikombe, vinashika kijiko, mwaa havishiki. Anafanya mazoezi kila siku, ni miezi sita sasa. Anakaa barazani na wenzake, anawachagulia rangi. Zuhura amejaribu kumsukia mwanzo wa ukili ili yeye aumalizie, akaurudisha. Akasema usukaji wa Zuhura una mashimo.

Vidonge alivyopewa vipya havivimbishi miguu kabisa. Hilo nalo nimelihesabu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Nesi Tekla amerudi kutoka kozi. Dawa na vipimo vya kila mwezi ni pale zahanati, kwake. Mama hataki. Anasema aliyemponza hawezi kumpa mkono wake tena. Zuhura akawa anampeleka kituo cha afya cha Kitomanga kwa pikipiki. Mara ya kwanza wakaenda, ya pili wakaenda. Ya tatu mvua, barabara mbaya, mama kachoka, hawakwenda. Nilipofika nikahesabu makasha matupu na tarehe, nikarudia. Alikuwa amekaa siku kumi na tisa bila kidonge.

Nikampima mwenyewe. 186 juu, 72 chini. Tofauti 114. Siku hizi naandika tofauti.

Nilikimbia siku hiyo hiyo kumtafutia dawa Lindi mjini, akaanza tena. Lakini siwezi kuwa nakimbia kutoka Masoko kila mwezi, na kupima anatakiwa apimwe na mtu anayejua anachokitazama.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa barazani nakunywa chai. Nesi Tekla akaja na begi lake, nadhani alisikia habari.

"Shikamoo Bi Somoe."

"Marahaba."

Nesi akasimama, anangoja. Niliona kabisa anaingoja ile ya pili, ya utani. Haikuja.

"Leo hata maji ya chumvi sipewi?" akachokoza mwenyewe.

"Zuhura," mama akaita, "mpe nesi maji."

Zuhura akaleta kikombe. Nesi akanywa yote, akashukuru, akakiweka chini taratibu. Mama akawa anatazama barabarani. Wale wenzake wanaosuka nao wameinama kwenye kili zao, hakuna aliyecheka. Mmoja wao ni mgonjwa wa presha vilevile, na nimeambiwa naye ameacha kwenda zahanati, kwa sababu ya habari ya mama.

Nesi alipokuwa anaondoka nilimsindikiza mpaka njia panda. Akaniuliza, "Kaka, mama yako nimemkosea nini?"

Nikamwambia, "Ni ugonjwa tu nesi, umembadilisha."

Huo ni uongo wa pili. Wa kwanza ulikuwa kwa simu, huu nimeusema namtazama usoni. Akaniambia pole, akaniambia nisijali, wagonjwa wa kiharusi huwa wanakuwa na hasira. Yaani alinifariji.

Funzo, kwa wale wanaopenda funzo: namba mbili za presha ziandike zote, mpelekee mtu aliyesomea, na kidonge kikikusumbua kaseme kwake, usimalize mambo na daftari lako. Na kama mzazi wako ya juu inapanda huku ya chini inashuka, usifurahie ile ya chini. Mimi niliifurahia miezi minane.

Maombi yangu kwenu ni haya.

Nesi Tekla amesema atarudi Alhamisi, atajaribu tena. Nataka niwe nimeshasema kabla hajafika. Nianze na nani? Nikianza na mama, ana presha, daktari alisema asipewe mshtuko, na mimi ndiye mwanawe wa kiume pekee. Nikianza na nesi, nitakuwa nimemfanya aingie barazani kwetu akijua kitu ambacho mama hajui. Zuhura naye nilimtumia jina la mtu, ana haki yake. Nimefikiria kuwaweka wote watatu niseme mara moja, kila nikipanga maneno nayafuta.

Mke wangu anasema nikae kimya, nimlipe tu mtu wa pikipiki awe anampeleka mama Kitomanga kila mwezi. Bei ya huyo mtu nimeshapatana naye, ni nzuri. Ndiyo maana naiogopa.

Waliowahi kukiri jambo kama hili kwa mzazi mgonjwa, mlianzaje, sentensi ya kwanza ilikuwa ipi? Wenye matusi wekeni pia, nitayasoma yote.

Leo ni Jumapili. Zuhura ametuma picha ya kasha la dawa. Vimebaki sita.